Kazi ya Mwisho ya Mke Wangu

Mke wangu aliingia chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na tatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akachukua masomo mawili pamoja, historia ya sanaa na fasihi ya Kiingereza. Mshonaji wa jirani akanitania: fundi, mkeo akihitimu atatusomea picha au atatuchorea hadithi? Nikacheka. Mimi wakati huo hata sahihi niliweka kwa dole gumba.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu za picha. Jioni mke wangu alikuja karakanani, maana pale ndipo palikuwa na taa nzuri, akaandikia pembeni mwa meza yangu. Akichoka ananionyesha picha kitabuni.

"Mtazame huyu mama dirishani," aliniambia siku moja. "Mchoraji kamnyamazisha. Mshairi kaja miaka mia baadaye, kampa maneno."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho chuoni: picha ile na shairi lake. Kurasa hamsini na kitu, kwa mkono.

Wiki aliyokuwa akiimalizia nilikuwa na fremu kumi na mbili za ofisi moja ya bima. Kadibodi ikaniishia. Picha isipobanwa nyuma inacheza, kwa hiyo tunajaza karatasi kuukuu kati yake na ubao. Nikachukua rundo lililokuwa mezani. Lilikuwa limeandikwa mbele na nyuma, limekatwakatwa kwa wino mwekundu. Kwangu karatasi iliyokwisha kuandikwa ilikuwa imekwisha kazi. Nikabana, nikapigilia, nikapeleka.

Kesho yake akaanza kutafuta. Alipotaja wino mwekundu, nikajua. Fremu zilikuwa mtaa wa pili tu. Koleo na nusu saa vingetosha. Lakini niliona aibu. Ningewaambiaje wale watu kwamba fundi hajui alichokifungia? Nikainama naye chini ya meza, tukatafuta wote. Siku tatu.

Akaiandika upya kwa kukumbuka, mbio mbio. Alifaulu, kwa alama za chini. Nafasi ya kuendelea na shahada ya pili, aliyokuwa ameahidiwa, akapewa mwingine. Yeye akarudi kufundisha darasa la tatu. Hakunilaumu, angenilaumu kwa lipi? Alijilaumu mwenyewe. Mpaka uzeeni, hata akipoteza funguo, alisema, "Mimi na vitu vyangu."

Ofisi ile ilikuja kufungwa. Fremu sijui zilikwenda wapi.

Alipostaafu alinifundisha kusoma na kuandika. Kila jioni tulikaa wawili tu. Kila jioni ningeweza kusema.

Sasa ana miezi mitatu kaburini. Juzi binti yetu alikuwa akiandika wasifu wa mama yake, utakaosomwa siku ya kumkumbuka. Akanisomea. Alipofika pale mama alipopoteza kazi yake ya chuo, alitabasamu.

Nikamwambia afute.

"Kwa nini, Baba?"

Nikamweleza. Aliuliza kitu kimoja tu, nilijua lini. Nikasema siku ileile alipoanza kutafuta.

Kisha akanisogezea daftari.

"Mimi siwezi kuliandika hilo," alisema. "Andika wewe."

Nimeandika: Hakupoteza. Mumewe alichukua karatasi zake bila kujua, kisha akajua, akanyamaza.

Imenichukua asubuhi nzima. Binti amelipokea daftari, amesoma, hakuniangalia. Neno hata moja hajalibadilisha.