Gari Lisilohitaji Maji ya Moto

Jumatatu nilikuwa Thika, katika duka la Mhindi auzaye magari, nikingoja spea ya pikipiki yangu. Akaingia Mzungu mwenye shamba la kahawa kule Ruiru, pamoja na mkewe na dereva wao. Magari mawili mapya yalikuwa hapo, moja la Kifaransa, jingine la Kijerumani.

"Dereva, gari gani haisumbui wakati ya baridi?" memsaab akauliza.

Dereva alivua kofia. "Hii ya Kijerumani, memsaab. Injini yake inapozwa na upepo, haina maji kabisa. Hii ingine ni kama yetu ya zamani. Kila Julai nitaamka nichemshe maji, nimwage kwa rejeta, ile tangi ya maji ya injini, ndio iwake."

"Basi Kijerumani, tutapeleka na meli. Kule Uingereza hakuna mtu ya kuchemsha maji."

Dereva akamgeukia. "Uingereza, memsaab? Mnaenda lini?"

"Mwezi ingine. Bwana hakuambia wewe?"

Bwana alikuwa ameinama akikagua tairi, na hakuinuka. Dereva akavaa kofia, akaivua tena. Amelala shambani mwao miaka kumi na miwili, na katika Hali hii ya Hatari, Mkikuyu kama yeye asiye na mwajiri hupakiwa lorini akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu na serikali.

Wasomaji, walijali sana kama gari litaamka vizuri kwenye baridi. Dereva ataamkia wapi, hakuna aliyeuliza. Hata mimi nilichukua spea yangu, nikaenda zangu.