Tulimlisha Kama Aliyejifungua

Mke wangu alivunjika nyonga wakati wa masika, kihambani, yaani shamba letu la migomba huko Mwika, akikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko uliolowa. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, tukijadili bati la nyumba ya mwinjilisti. Tulibishana juu ya bati lile kwa saa mbili, naye muda huo alikuwa amelala kwenye tope chini ya migomba akiita.

Madaktari wa Moshi mjini walimtia chuma. Siku ya kumruhusu, daktari mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni. Aliniambia mfupa umekubali, lakini moyo wa mke wangu umechoka. Safari ile walimlaza kwa dawa ya usingizi na Mungu akamwamsha. Safari nyingine yeye asingeweza kuahidi. "Mzee, usikubali arudi hapa kwa jambo lolote la kupasuliwa," alisema. Niliitikia. Nilidhani ananionya asianguke tena.

Sisi Wachagga tunajua namna moja tu ya kumtunza mtu aliyelala kitandani, nayo ni ile ya mzazi, mwanamke aliyejifungua. Mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Hagusi jembe wala habebi maji. Analetewa mtori, ndizi zilizomenywa zikapikwa na nyama, kisha zikapondwa na kulainishwa hata kizee asiye na jino azimeze bila shida. Analetewa maziwa, supu ya mifupa na siagi. Kadiri chakula kinavyokuwa laini ndivyo mtu anavyoheshimiwa. Makande yenye maganda, magimbi na mnafu, zile mboga zetu chungu, ni chakula cha watu wanaokwenda kuchimba mfereji.

Basi tulimlisha mke wangu kama mzazi, na umri wake umepita sabini. Wanawake wa usharika walipangiana zamu. Hapakupita siku bila chupa ya mtori na mkate mweupe kuingia mlangoni kwetu. Msimamizi wa yote alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa Kilema, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Alikuja na begi lake akasema haondoki mpaka mdogo wake asimame. Ndiye aliyemtunza katika uzazi wote wa watoto wetu, na watoto hao sasa wako Dar es Salaam na hupiga simu Jumapili. Nilipotaka kujua nisaidie nini, alinijibu, "Shemeji, wewe kaa na vikao vyako. Huku ndani ni kwetu."

Nikakaa na vikao vyangu.

Sikujua kilichokuwa kikiendelea kwa sababu mambo ya choo hayasemwi mbele ya mume, hata mume wa miaka hamsini. Nilichokiona ni uso wake. Alikuwa akikunja shuka mkononi na kufumba macho, na nilipouliza kama ni nyonga alisema ndiyo. Haikuwa nyonga. Siku nilipomsaidia kugeuka, mkono wangu uligusa tumbo lake, nalo lilikuwa gumu kama ubao. Ndipo dada yake akakiri kwa kunong'ona kwamba tangu watoke hospitali mdogo wake hajapata choo cha maana, na sasa ilikuwa siku ya tisa.

Nilikwenda zahanati kwa miguu, nikarudi na muuguzi, binti mdogo kuliko wajukuu zangu wa kwanza. Alitutoa nje. Alikaa na mke wangu zaidi ya saa nzima, kwa maji na glavu, na kilio nilichokisikia kupitia ukuta ule sikuwahi kukisikia hata wakati wa uzazi. Alipotoka alinawa kwenye bomba la uani. Kisha akaniuliza, "Babu, bibi anakula nini?"

Nikamtajia yote, na kusema kweli nilitaja kwa majivuno. Mtori asubuhi, mtori jioni, mkate, maziwa, uji wa sembe nyeupe kabisa.

"Na ng'ombe wako unampa nini?"

"Majani. Mabua. Migomba iliyokatwakatwa. Na pumba kidogo wakati wa kukamua."

"Ukimpa pumba na maziwa tu, bila majani?"

Nilicheka. "Atavimba afe. Hata mtoto anajua hilo."

Yeye hakucheka. "Sasa mbona bibi mnamlisha hivyo?"

Nimesimama mbele ya watu miaka mingi, nimefundisha vipaimara, nimezika na kufariji. Mbele ya binti yule nikawa mwanafunzi.

Alinieleza kwamba dawa za maumivu alizopewa hospitali hufunga tumbo, na kulala bila kutembea hufunga zaidi, na chakula kisicho na nyuzinyuzi humaliza kazi. Alitaka mke wangu ale vitu vilivyobaki na maganda yake: maharage, dona, ulezi usiochekechwa, mboga za majani, papai, tena kidogo kidogo. Na maji mengi. "Bila maji, hayo yote yatageuka zege tumboni," alisema. Alitaka pia akalishwe kitako mara kadhaa kwa siku, hata kama analia. Kisha akashusha sauti. Alisema tumbo likiziba tena yeye hataliweza. Itakuwa Moshi, na huko wataanza kuzungumza habari ya kumpasua.

Hapo nikaelewa daktari alikuwa ananionya nini.

Ningependa kuandika kwamba niligeuza mambo siku ileile. Nilimweleza shemeji yangu, akaweka mikono kiunoni. "Makande? Mdogo wangu amekuwa kibarua? Mtu ametiwa chuma mwilini, wewe unataka kumpa chakula cha wachimba mfereji!" Na mchana wake walikuja wanawake wawili na chupa ya mtori, wamepanda kilima kwenye mvua, na mmoja wao anaumwa magoti. Kwetu kukataa mtori ni kumkataa aliyeuleta. Nikaupokea. Nikaomba baraka juu yake. Ukawekwa mbele ya mke wangu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Siku tatu nzima nilimponda mke wangu kwa adabu zangu, na hili namwomba Mungu anisamehe kila ninapolikumbuka.

Siku ya nne alikataa kula. Hakukataa mtori peke yake, alikataa kila kitu. Aligeuza uso ukutani akasema, "Kisichoingia hakitatoka." Nilibembeleza, dada yake akabembeleza, akamwita kwa jina la utotoni. Alikubali maji ya kulowesha ulimi tu. Nilimwona akipungua, mifupa ya mashavu ikijitokeza kila asubuhi zaidi ya jana. Alikuwa ameamua, nami nikaona wazi kwamba akila anaziba na asipokula anakwisha, na pande zote mbili kaburi ni lilelile.

Nilikwenda kuomba nyuma ya banda la ng'ombe, mahali nisipoonekana. Sikuomba vizuri. Mtu aliyefundisha wengine kuomba aliishiwa maneno, akabaki kusema, "Bwana, siyo hivi. Siyo kwa jambo kama hili." Nilikuwa nimejiandaa kumpoteza kwa kansa, kwa shinikizo la damu, kwa uzee. Kumpoteza kwa sababu ya ndizi zilizomenywa vizuri mno, hilo nilishindwa kulibeba. Niliwahi kuwaambia wafiwa wengi wawe na subira. Asubuhi ile ningemwambia nani?

Nilipoinuka nilikwenda sokoni. Nilichukua ulezi, nikaomba usagwe bila kuchekechwa. Mama wa mashineni alinitazama, akatazama debe, akatazama watu wanaosubiri zamu. "Haya, jamani, mzee wa kanisa ameanza kupika mbege!" Watu wakacheka, maana ulezi kwetu wengi hununua kwa ajili ya pombe. Siku nyingine ningejitetea. Nilisema, "Ni wa mgonjwa," nikabeba unga wangu.

Nikaingia jikoni. Sijawahi kupika maishani mwangu isipokuwa kuchoma nyama, kazi ambayo kwetu ni ya wanaume. Nilibandika maji, nikamwaga unga wote kwa pamoja, nikakoroga. Shemeji yangu alikuwa kwenye kigoda, rozari mkononi, ananitazama. Moshi ulijaa. Uji ukashika chini, ukatoa mabonge meusi.

"Meku," aliniita, yaani mzee, kwa Kichagga chetu, "huo ni uji au lami?"

"Ni uji."

"Basi barabara ya Mwika imepata mkandarasi."

Nikacheka, naye akacheka, halafu nikaona kicheko chake kimegeuka kilio. Alisimama akaninyang'anya mwiko. "Toka hapo. Unaua ndugu yangu na sufuria pia." Alilia huku anasugua sufuria kwa majivu. Kisha, bila kunitazama, akasema maneno ambayo yeye na mimi tulipaswa kuyakumbuka mapema. Kwa mama yao, walipokuwa wadogo, mtori ulikuwa wa wageni na wazazi tu. Watoto walikula kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja. "Na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tumbo kufunga ni nini," alisema.

Alichagua maharage, akayachemsha kwa muda mrefu mpaka yakapasuka, maganda na yote. Akatia ndizi. Akakata mnafu mwembamba kama nyuzi, akautia mwishoni pamoja na kitunguu na maziwa kidogo. Kisha akaponda vyote kwa mwiko, taratibu, kama apondavyo mtori. Kikawa laini kwa macho, lakini ukikitafuna unakutana na ganda la haragwe. Akakitia kwenye bakuli jeupe la mzazi, lilelile walilotumia wanawake wa usharika, akakipeleka chumbani.

"Ni nini?" mke wangu aliuliza, uso bado ukutani.

"Kiburu cha mama."

"Kina mnafu?"

"Kina mnafu. Geuka."

Alikula vijiko vitatu, na glasi moja ya maji. Jioni vijiko vitano, na nusu kikombe cha uji wa ulezi, safari hii wa shemeji, siyo wangu.

Lakini chupa za mtori zilikuwa bado zinapanda kilima. Adhuhuri ya kesho yake niliwasubiri wanawake langoni. Walikuwa watano. Baada ya shikamoo na marahaba niliwaambia, kwa sauti ya kusikika, "Mke wangu amefunga choo. Mtori hauwezi kumsaidia. Kama mnampenda, leteni papai, leteni mchicha, leteni maharage." Neno lile lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwangu mbele ya wanawake. Walitazama chini. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Kisha bibi mmoja, mkubwa wao, akasema polepole, "Mzee, na mimi nina wiki." Wakaangua kicheko, mmoja akamwambia, "Ndiyo maana kwaya unaimba kama umebanwa!" Kesho yake meza yetu ilijaa mapapai, maparachichi na mafungu ya kunde.

Hata hivyo hakikutokea kitu. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Tulimkalisha kitako mara nne kwa siku, mimi mkono huu, dada yake mkono ule, naye analia na kutuomba tumwache. Tumbo likaanza tena kukaza. Muuguzi alilibonyeza Alhamisi, akaacha kunitazama usoni. Alisema asubuhi ya Ijumaa tuwe na gari. Siku ile sikuomba apone. Niliomba nipewe nguvu ya kumsindikiza.

Ijumaa gari lilikuja. Shemeji alikuwa anamvika kanga safi, nami nimekunja blanketi la njiani. Dereva alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaweka mto. Tulikuwa tumemwinua mke wangu nusu tu alipotushika wote wawili kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kiti," alisema. "Niwekeni kwenye kiti. Haraka."

Kwa ajili yake fundi alikuwa ametoboa kiti katikati, na chini yake tuliweka ndoo. Tulimkalisha. Akanifukuza. Nilisimama uani kando ya gari na dereva, kijana mwenye adabu, aliyekuwa akitazama saa yake na kunionea aibu kwa wakati mmoja.

"Mzee, tunaondoka?"

"Subiri."

Nilisikia mke wangu akigumia. Nikasikia dada yake akisali, Salamu Maria moja juu ya nyingine, nami Mlutheri nikaitikia amina kila zilipokwisha. Ilichukua muda mrefu. Dereva alirudi akakaa kwenye usukani. Aliniuliza tena, nikamwambia tena asubiri, na sikujua ninasubiri nini, uzima au mtu wa kuja kuniambia niingie.

Shemeji alitoka. Nywele zake zilikuwa zimefumuka na jasho linamtiririka. Alisema, "Mwambie huyo wa gari aende zake."

Niliingia nikaichukua ndoo mwenyewe, nikaibeba kupita kati ya migomba hadi chooni nyuma ya nyumba. Jirani alikuwa akipita na mzigo wa majani, akasema, "Shikamoo, mzee," nami nikaitikia marahaba na ndoo mkononi. Niliimwaga, nikaiosha mara tatu, nikabaki nimeinama juu ya bomba. Kutoka dirishani nilimsikia mke wangu, kwa sauti nyembamba, akimwuliza dada yake kama kuna chakula.