Maneno ya Mzee wa Soksi Nyeupe

Haya yalitokea, tena mchana kweupe, ndani ya ukumbi uliojaa watu, hapa Migori mjini. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshachekwa na watu wanaonifahamu vizuri. Ila nakuomba jambo moja tu. Usiniulize kama natania.

Wakati huo nilikuwa mkalimani wa kamati ya mipango ya mji. Mwenyekiti wetu ni Mkuria, Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, na wazee wengi wanaokuja kulalamika hukosa raha wakibanwa waseme Kiswahili. Basi wao husema, mimi nageuza. Kazi niliiweza, na niliringa nayo. Nilikuwa na mdomo mtamu. Watu walicheka hata nilipotafsiri habari za mitaro ya maji machafu.

Siku hiyo supamaketi moja ilikuwa imeomba kibali cha kuongeza chumba cha barafu. Mashine zake za kupoza zilikuwa tayari zimefungwa nyuma ya jengo, na ukuta huo umekaribiana na nyumba za kupanga. Mashine zile hazizimwi, usiku wala mchana. Majirani hawakutaka supamaketi ifungwe, la hasha, maziwa baridi nao wanayapenda. Walitaka mashine zihamishiwe upande wa barabara, basi.

Akasimama mama mmoja, Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe alipata kiharusi, akawa analala chumba cha nyuma, upande wa ukuta ule, naye mama akilala sebuleni. Kukipambazuka siku moja alimkuta amekufa, uso ameuelekeza mlangoni, mdomo wazi. Wakamzika nyumbani kwao Karungu.

"Sijui kama aliniita," nikatafsiri. "Mashine ilikuwa ikinguruma. Sijui kama aliniita nami nikaendelea kulala. Hilo ndilo linalonimaliza."

Meneja wa supamaketi, kijana mpole kutoka Nairobi, akampa pole. Kisha akasema hakuna anayejua kilichotokea usiku ule, na kamati haiwezi kuamua kwa jambo lisilojulikana. Mwenyekiti akawa anajikuna kidevu.

Hapo ndipo mzee mmoja aliposimama nyuma ya Min Akinyi. Nilimwona kama ninavyokiona kiganja changu. Alivaa suti ya kahawia iliyomzidi mabega, na miguuni soksi nyeupe bila viatu. Nilidhani miguu imemvimba, ameacha viatu mlangoni. Kilichonishangaza ni kwamba sakafu ilikuwa na vumbi, na soksi zake zilikuwa safi kabisa.

Akanitazama mimi, si mwenyekiti. Akasema, "Masinni mor, to an ok amor."

Nikacheka. Ungekuwa Mjaluo ungecheka pia. Kwetu *mor* ni kunguruma, na *mor* vilevile ni furaha. Kinachotofautisha ni jinsi unavyolitamka. Nikawaambia wajumbe, "Mzee anasema mashine hii inanguruma, lakini yeye hana furaha. Kwa Kijaluo ni neno moja, mwenyekiti. Amecheza nalo."

Mzee akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri, macho yangu kwake. "Anasema, nilimwita. Nilimwita kwa sauti niliyokuwa nayo. Mashine ndiyo iliyoniitikia. Anasema, mwambieni huyu mama hakunikataa. Asijilaumu."

Ukumbi mzima ukanikodolea macho. Nilidhani maneno yamewagusa.

"Unamtafsiri nani?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu mzee."

"Mzee gani?"

Nikanyoosha mkono. Nyuma ya Min Akinyi palikuwa na kiti cha plastiki, kitupu. Aliyekaa kando yake ni msichana mmoja, naye alikuwa amejivuta pembeni akinitazama kama mtu anayemtazama mlevi. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Niliona uso wangu unawaka moto. Je, wewe ungefanya nini? Nina watoto wanaosoma mji huu. Nina cheo kanisani. Ningesema mbele ya kamati kwamba maiti amenituma?

"Natania, mwenyekiti," nikasema.

Mwenyekiti alikasirika. Alimwomba Min Akinyi radhi kwa niaba yangu, akaamuru maneno yale yasihesabiwe. Meneja hakuhitaji kuongeza neno. Kama mkalimani mwenyewe anafanya mzaha, malalamiko nayo yatachukuliwaje? Kibali kikatoka, na mashine zikabaki palepale.

Nje, wenzangu walikuwa wamesimama na soda wakinipigia makofi kwa kejeli. Min Akinyi akanifuata.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "hiyo maneno ya *mor* umetoa wapi?"

Nikajifanya natafuta simu mfukoni.

"Mzee alikuwa anasema hiyo kila jioni, mashini ikianza kupiga kelele sana. Tulikuwa tunacheka sisi wawili tu, ndani ya nyumba. Hakuna mtu mwingine anajua." Akanishika mkono. "Umemuona?"

Wenzangu wakanyamaza ili wasikie. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, la kweli, na yule mama angelilalia usingizi wake wote uliobaki duniani. Nikawatazama wenzangu.

"Samahani, mama. Nilikuwa natania tu."

"Sawa," akasema. Akafunga leso yake vizuri, akaenda zake.

Najionea aibu mpaka leo. Mjini wakanibandika jina, Mkalimani wa Wafu, na nikaacha ile kazi, lakini hilo si kitu. Kinachoniumiza ni lile "sawa" lake.

Niliposhindwa kuvumilia nikamfuata Karungu. Alikuwa amehama nyumba ya Migori. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa chai kabla ya kuuliza nimeleta nini, na hapo ndipo ilipokuwa vigumu zaidi kufungua kinywa. Nikamweleza yote. Suti ya kahawia. Soksi. Nilimwita, mashine ikaniitikia, mwambieni asijilaumu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga, nikadhani nimeutua mzigo.

"Hiyo suti na soksi, watu wote waliokuja mazishi waliona," akasema taratibu. "Na *mor*, labda siku moja ulipita nyuma ya nyumba ukatusikia. Siku ile ungesema ndiyo, wuoda, ningeamini. Sasa umesema mara mbili, na hazifanani. Nitajua aje ni siku gani ulikuwa unatania?"

Akaniongezea chai.

Huwa napita nyuma ya ile supamaketi jioni, nikisimama karibu na ukuta. Mashine zinanguruma. Namsubiri mzee aje aniongezee neno moja, jambo ambalo hakuna aliyeliona wala kulisikia, nimpelekee mkewe. Hajarudi. Kwa nini arudi kwangu?

Basi nisikilize. Ukipewa maneno ya mtu, hata kama ni wewe peke yako unayemwona, yafikishe yalivyo. Wakikucheka, wacheke. Na wakikuuliza kama unatania, sema hapana hapohapo, mara ya kwanza, kwa sababu mimi nilisema kweli mara ya pili, nikanywa chai, nikarudi nyumbani, na yule mama bado hajui kama aliitwa.