Hodi Tatu za Kuze

Dada yangu mkubwa, Bi Zuhura, hupokea simu hata mikono ikiwa na unga wa mahamri. Siku ile, tangu jana yake, hakupokea. Ndiyo sababu mimi, mzee nisiyependa safari, nikatoka Voi kwenda Mombasa.

Garimoshini sikuona nyika wala tembo. Niliona ngazi tu. Dada ni mjane, anaishi peke yake ghorofani, na ngazi za nyumba ile zimesimama kama ukuta.

Mchana nilishuka Ndia Kuu, njia kubwa ya Mji wa Kale. Wageni walipiga picha milango ya nakshi, wauza vinyago wakawaita. Mji wa Kale ni mzuri, sikatai: roshani za mbao, vichochoro vya kivuli, na bahari ikichungulia mwisho wa njia. Siku hiyo sikusimama kuutazama.

Nilipofika Kuze, mtaa wa dada, mlango wa chini wa nyumba yake ulikuwa wazi kama kawaida, ndani giza.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, Bi Zuhura!" Kimya.

Nikapiga ya tatu. Tulivyolelewa, hodi tatu zisipojibiwa, mtu hurudi alikotoka. Nikarudi.

Sikufika mbali. Jirani alinichungulia dirishani.

"Babu, umeonana na Bi Zuhura?"

"Hayupo. Nimepiga hodi tatu."

"Hayupo kenda wapi? Buibui lake si lile kambani? Au katoka na gauni la kulalia?"

Nilirudi mbio, nikaingia bila hodi. Dada alikuwa amelala katikati ya ngazi, mguu umepinda, midomo imekauka.

"Naliitika," alisema. Sauti haikufika hata chini ya ngazi. "Zote tatu. Ukenda zako."

"Nilidhani hupo, dada."

"Muongo."

Vijana wa mtaa walimbeba kwa kiti hadi barabarani, tukampeleka hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Nilikaa Mombasa mpaka binti yake akaja kumuuguza, ndipo nikapanda gari la kurudi Voi. Njia nzima nililirudia neno lake, "muongo", kwa kuwa lilikuwa kweli. Pale mlangoni nilijua huenda yumo. Niliogopa kumkuta maiti, nikajificha nyuma ya adabu, na mtu hai akalala na kiu akisikia nyayo zangu zikiondoka.

Siku hizi jamaa yangu asipoitika, naingia. Bora anitukane.