Siku Mama Aliposhika Usukani

Mama alishona sare za shule miaka thelathini na minane, kwenye chumba cha mbele, dirishani, pini zikiwa mdomoni. Alizungumza nazo, alicheka nazo, alitugombeza nazo, na hakumeza hata moja. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha uchapaji, mtu wa maneno mengi. Kila mwaka shule zikifungwa na joto likishika kasi, alimng'oa Mama kwenye cherehani, akatupakia sote kwenye boti yetu ndogo ya injini, tukazunguka visiwa kwa siku tatu.

Ubaya ni kwamba Baba hakujua kuendesha. Ndivyo tulivyoamini. Kila mwaka, kati ya kisiwa cha pili na cha tatu, alitupandisha kwenye fungu lile lile la mchanga, na maji yakishatoka pale hakuna ujanja: unakaa saa kadhaa ukingoja yajae. Mimi na kaka tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma.

Baba alipofariki, kaka alipata mnunuzi wa boti. Mama akakataa katakata.

"Sasa ataiendesha nani, Mama?" kaka aliuliza.

"Mimi hapa."

"Wewe? Si utatukwamisha kama mzee?"

"Twendeni tukavizunguke visiwa vyote. Nikikwama, uzeni. Nisipokwama, usiniletee tena habari za mnunuzi."

Tukakubaliana. Nami, nikiri tu, nilikuwa upande wa kaka.

Mama aliendesha kama alivyoshona: macho yalitangulia mbele ya sindano, hayakukaa kwenye sindano. Siku mbili hatukugusa hata jiwe. Tulioga, tulisinzia, tulikaripiwa kwa kumwaga mafuta. Siku ya tatu akalipita fungu la mchanga kwa mbali, njia imenyooka kama pindo la sketi.

"Basi Mama, umeshinda," kaka alisema. "Mzee angekuwepo angeona haya."

Mama alipunguza mwendo. "Aone haya ya nini? Baba yenu alizijua njia hizi kama njia ya kwenda kazini. Mlidhani alikuwa anakwama?"

Kaka aligeuka akalitazama fungu la mchanga nyuma yetu.

"Nikiwa nyumbani siwezi kutulia, mnanijua. Hapa maji yakitoka, hakuna pa kwenda, hakuna mteja wa kupiga hodi. Tulibaki sisi wanne tu. Kila mwaka alinidanganya, na kila mwaka nilijifanya sijui."

Macho yake yalijaa machozi. Kisha akageuza boti, akaturudisha polepole mpaka tukasikia tumbo la boti likikwaruza mchanga, akazima injini.

"Mama!" kaka alipiga kelele. "Na makubaliano yetu?"

"Mtauza. Bandika chai."

Mchana ule alitusimulia jinsi Baba, kabla hawajaoana, alivyomletea suruali apunguziwe kiuno mara nne, ilhali ilimkaa sawasawa tangu mwanzo. Sijawahi kucheka na kulia namna ile kwa siku moja.

Boti tuliiuza mwezi uliofuata, maana kaka ni mtu wa kushika neno, na Mama hakutaka kuhurumiwa. Nilimkasirikia kaka kwa muda mrefu. Sasa Mama hayupo, na kila joto likianza ni yeye kaka anayenipigia simu kuniuliza kama nimesikia popote boti ya kukodi, yoyote ile, hata mbovu.