Medali ya Pipa na Mpira

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na medali shingoni. Ni ya kumuenzi marehemu mwalimu wetu wa fizikia; anapewa mwanafunzi aliyeongoza somo hilo. Nikaigeuza. Nyuma pamechorwa pipa, na mpira wa maji unatoka ndani yake. Nikakaa chini. Pipa lile ni la bibi yangu.

Wewe tuliyekua wote Makutupora unaukumbuka msimu wa zabibu: nyuki kila mahali, vidole vinanata, harufu ya mvinyo mpaka kwenye mashuka. Zabibu zilizopasuka bibi alizikamua akazivundika pipani. Kazi yangu ilikuwa kuhamishia mvinyo kwenye madumu bila kutibua mashapo. Unazamisha mpira, unanyonya, unatema, unaushusha. Nikiuinua tu, mvinyo unakatika, na kofi la mgongo linafuata. "We mtoto, mdomo wa mpira ukae chini kuliko mvinyo uliomo. Pombe haipandi mlima."

Kidato cha kwanza nikaionyesha kazi hiyo darasani kwa maji. Mwalimu huyo wa fizikia akanipeleka kwenye maonyesho ya sayansi mjini. Mwanafunzi mshindi angesomeshwa bure mpaka kidato cha nne. Njiani akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema ukweli, kwenye pombe ya bibi. Akaniambia nisifungue mdomo, shule itaaibika. Mbele ya majaji akasema ubunifu ni wake, mimi ni mshika mpira tu. Yeye akapigiwa makofi, nafasi ya kusomeshwa ikaenda shule nyingine. Mjomba aliyekuwa ananilea akasema kushika mpira hata shambani kupo. Mavuno yalipoanza akanitoa shule. Walioninyima shule nawataja bila woga: mwalimu, na mjomba.

Bibi hayupo. Mizabibu imeng'olewa, viwanja vimepimwa. Pale penye pipa pana ukuta wa mtu wa ofisini, nisiyemjua.

"Mama, mbona hufurahi?" binti akauliza.

Nikamwambia autazame mchoro vizuri. Walimu wake walimweleza kuwa marehemu aliuchora kwa mkono wake, wakautoa kwenye daftari lake. Mdomo wa mpira ameuweka juu, umepita kabisa usawa wa maji ya pipani. Binti akacheka kidogo, kisha akaufuatisha mpira kwa kidole.

"Mama, haya maji hayatoki."

Hayatoki. Shule yangu yote iliondoka na kitu ambacho mwizi wake hakukielewa mpaka anaingia kaburini.