Siku ya Kubadilisha Plasta

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikikuona umeinamia kompyuta yako hunirudia. Nilikuwa kijana, nina kazi nzuri katika shirika la msaada hapa Gisenyi, lililotibu bure watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Tovuti ya shirika niliitengeneza mimi. Niliipenda mno. Ukiifungua tu, mwenyekiti wetu anakutazama kwa tabasamu lililojaa kioo chote.

Kila Alhamisi watoto walibadilishiwa plasta mguuni. Asubuhi hiyo mama huiloweka ile ya zamani nyumbani, akaivua, ndipo amlete mtoto. Wiki moja matibabu yakahamishiwa Mahoko, nje ya mji, siku ya Jumatano. Nikaandika tangazo kwenye tovuti, tena kwa Kiingereza safi, nikaenda zangu kunywa chai.

Alhamisi akaja Mama Furaha, mwanamke aliyevuka mpaka kila siku kuuza mboga Goma. Binti yake yuko mgongoni, mguu mtupu, plasta imeshavuliwa. Daktari hayupo. Mguu ule ukikaa wiki nzima bila plasta, unaanza kupinda tena. Nami nikamwambia, bila hata kusimama, kwamba tangazo lilikuwepo. Naona aibu kulisema hili hadi leo.

Mama Zaituni, mzee aliyepokea watu mlangoni, alinisikia. Hakufoka. Aliomba simu ya yule mama, simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaniwekea mkononi.

"Mutafutie," alisema kwa Kiswahili cha huku mpakani.

Nikatafuta. Picha ya mwenyekiti ikajifungua polepole, ikafika nusu ya uso, na mega za intaneti za Mama Furaha zikaisha hapo hapo. Nikajaribu kwa simu yangu. Nilipita historia yetu, wafadhili wetu, safari za wakubwa, ndipo nikalifikia tangazo. Mimi mwenyewe niliyeliweka nililitafuta mpaka jasho likanitoka.

"Bon," akasema Mama Zaituni. "Hii ulitengenezea wenye wanatumaka misaada. Sasa huyu mama mwenye mutoto iko mugonjwa, ataonea wapi?"

Akaniketisha kando yake mlangoni wiki nzima, niandike kila kinachoulizwa. Walichouliza akina mama kilikuwa kidogo tu: lini, wapi, nipige namba gani. Na namba yenyewe nilikuwa nimeiandika bila tarakimu za nchi mbele, ilhali wengi wao hutumia laini za Goma! Nikaifumua tovuti yote. Ukurasa wa kwanza ukabaki na siku, mahali na namba, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, bila picha hata moja. Mwenyekiti alininunia muda mrefu, nami nikamwacha anune.

Lakini mguu wa Furaha ulikuwa umeshapinda tena, ikabidi aanze plasta upya. Nilimsikia akilia nikiwa ofisini, nikaenda kusimama karibu na mama yake. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujawatengenezea watu kitu, nenda kaketi wanapokaa wao, usikilize wanatafuta nini. Ukishamaliza, wape wakijaribu mbele yako, nawe unyamaze. Na mtu akikuambia hakukiona, usimjibu kwamba kilikuwepo. Mungu aibariki mikono yako, na kila mama atakayeifungua kazi yako akiwa na mtoto mgongoni aione siku yake mapema.